Nyumba za Kale na Mambo Yapasayo Kukaguliwa Ndani Yake

Msomaji wa taarifa ya mwaka amezoea kukuta ndani yake hesabu za fedha, majina ya wanakamati na habari za mikutano. Maneno yafuatayo yahusu hesabu ya namna nyingine, ambayo aghalabu haiandikwi popote: hesabu ya kuta, mapaa na misingi ya nyumba tunazozikaa. Fedha zikipungua sandukuni, mtunza hazina huulizwa siku ile ile, lakini ukuta ukipasuka, watu hupita mbele yake mwaka baada ya mwaka wakisema, "Nyumba hii ni ya zamani, imezoea." Neno hilo latupasa kulichunguza, maana historia yaonyesha kwamba nyumba haizoei ufa wake, bali huendelea kudhoofika hata siku ya kuanguka.

Katika nchi ya Turkana nyumba ya asili ni akai, kibanda cha mviringo kijengwacho na mama wa boma kwa matawi yaliyopindwa, kisha kikaezekwa kwa majani ya mkoma au kufunikwa kwa ngozi. Huenda mgeni akakiona kuwa kitu duni, kwa sababu hakina msingi wala dari. Lakini katika jambo moja akai yaishinda nyumba ya mawe. Boma likihama kufuata malisho, nyumba hujengwa upya. Na kila ijengwapo, mwenye nyumba hupitisha mikono yake juu ya kila tawi, akitupa lililooza na lililoliwa na mchwa, na kutia jipya mahali pake. Hivyo nyumba hukaguliwa mara nyingi pasipo mtu kuitisha ukaguzi. Tena, hata ikiangushwa na upepo usiku, uzito wake ni mdogo, wala haiwaponyi wala kuwaua walalao ndani kama ukuta wa mawe uwezavyo kuua.

Si kwamba watu wa kale wa nchi hii hawakujua kusimamisha mawe. Karibu na Lokori, katika bonde la mto Kerio, yako makaburi ya kale ya Namoratunga, yaliyozungukwa na mawe yaliyosimamishwa wima, na baadhi yake yamechorwa alama zifananazo na chapa za mifugo. Wataalamu waliyachunguza katika miaka ya 1970. Lakini mawe hayo hayabebi paa, wala hapana mtu alalaye chini yake. Nyumba ya kudumu ni jambo jingine kabisa: juu ina mzigo, na chini ina watu.

Nyumba za namna hiyo zilienea Turkana pamoja na serikali ya kikoloni. Baada ya mapigano ya Labur ya mwaka 1918, serikali ilizidi kuweka vituo vyake. Lodwar, kando ya mto Turkwel, pakawa makao makuu ya wilaya, na Lokitaung pakawa kituo cha kaskazini. Wilaya ilifungwa, na mgeni hakuingia ila kwa kibali. Kwa ajili ya umbali huo Lokitaung palichaguliwa kuwa mahali pa kuwafunga Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai na Paul Ngei, baada ya hukumu ya Kapenguria ya tarehe 8 Aprili 1953. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, akakaa huko kizuizini hata mwaka 1961, alipopelekwa Maralal. Kwa hiyo baadhi ya nyumba za zamani za Turkana si mali ya wenyewe tu, bali ni ushahidi wa historia ya taifa zima.

Katika miaka ya 1960 misheni nazo zilijenga, na Lokori pakawa pamojawapo pa vituo vya Africa Inland Mission. Shule, zahanati, maduka na nyumba za watumishi zikafuata katika miji yetu. Nyumba iliyojengwa katika miaka hiyo sasa ina umri wa miaka 60 hivi, na fundi aliyeijenga, kama yu hai, ni mzee sana.

Kakuma habari ni nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, na nyumba zake za matofali ya udongo na mabati ziliitwa nyumba za muda. Zaidi ya miaka 30 imepita. Wako watu wazima waliozaliwa kambini na ambao sasa wanalea watoto wao humo humo. Basi tuna nyumba ziitwazo za kudumu, na tuna nyumba ziitwazo za muda, na majina yote mawili hutudanganya. Neno "kudumu" humfanya mwenye nyumba asiangalie, na neno "muda" humfanya asitengeneze.

Kwa kuwa nyumba za mawe na saruji ni ngeni kwetu, yafaa kutafuta mafunzo pwani, ambako Waswahili wamejenga kwa mawe kwa karne nyingi. Tuanze Gedi, karibu na Malindi. Mji huo uliachwa na watu wake katika karne ya 17, ukamezwa na msitu. James Kirkman akaanza kuuchimbua kwa utaratibu mwaka 1948. Mgeni aendaye Gedi leo huona kuta za msikiti mkuu na za jumba kubwa zikiwa zingali zimesimama, lakini mapaa hayapo. Mapaa hayo yalikuwa ya mawe na chokaa, yakibebwa na boriti za mikoko. Mti ulipooza, paa zima lilishuka. Na paa liliposhuka, mvua ikapata njia ya kuingia katika vichwa vya kuta. Hilo ndilo fundisho la kwanza la nyumba za kale: kifo cha nyumba huanzia mahali panapoingia maji, na kilicho kizito huanguka kwa sababu ya kitu chepesi kilichokibeba.

Nyumba zilizo hai bado za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa akili iyo hiyo. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, wala haupiti sana mita 3, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Hatari ya nyumba hizo haionekani kwa mtu asimamaye katikati ya chumba, kwa kuwa katikati boriti huonekana nzima. Ubovu huanzia kwenye ncha zake, ndani ya ukuta, ambako unyevu hukaa na hewa haifiki. Wazee wa pwani walipaka chokaa tena na tena, maana chokaa huuacha unyevu utoke. Katika karne ya 20 watu wengi walianza kuziba kuta hizo kwa saruji, wakidhani wanaziongezea nguvu. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyomo ukutani hukosa mlango, hupanda juu, na kuzifikia ncha za boriti. Ukuta ukaonekana mpya kwa nje, na huku ndani unaoza.

Liko na jambo la pili, nalo ni la watu, si la mawe. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitwaliwa na serikali, yakagawanywa, na jamaa kadha wa kadha wakakaa katika nyumba iliyokuwa ya jamaa mmoja. Kila mpangaji alitunza chumba chake. Paa, ngazi na mifereji havikuwa vya mtu. Hata katika nyumba za urithi mambo huwa hayo hayo: warithi ni wengi, nao wote ni wenye nyumba siku ya kugawana kodi, lakini siku ya kununua chokaa hapana mwenye nyumba hata mmoja. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, lakini heshima haizibi paa linalovuja.

Ushahidi wake ni Beit al-Ajaib. Sultani Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883, jumba refu kupita yote ya mji wake, lenye roshani pande zote zilizobebwa na nguzo za chuma. Lilikuwa jumba la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoupiga mji kwa mizinga kwa muda wa dakika 40 hivi, majumba ya jirani yalibomoka, nayo Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Baadaye ikawa ofisi za serikali, na hatimaye nyumba ya makumbusho. Watu waliamini kwamba jumba lililoishinda mizinga haliwezi kushindwa na kitu.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka, na jumba likafungwa kwa wageni. Ilikuwa onyo la wazi. Miaka 8 ikapita, matengenezo yakaanza. Na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Mizinga ilipiga kwa dakika chache; lakini unyevu, chumvi ya bahari na kutu vilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka 137.

Mtu asije akasema kwamba kosa ni uzee peke yake. Tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa moja huko Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuwaua watu wapatao 50, nalo halikuwa jengo la kale hata kidogo. Uzee si ugonjwa. Lakini nyumba ya kale imepata muda mrefu wa kukusanya makosa ya wengi: ya fundi wa kwanza, ya mwenye nyumba aliyeongeza chumba, ya aliyetoboa ukuta apitishe bomba, na ya aliyepandisha tangi la maji juu ya paa lisilokusudiwa kulibeba. Kwa hiyo anayeikagua yampasa kuuliza si tu nyumba ilijengwaje, bali pia imetendewa nini tangu hapo.

Sasa tuyalete mafunzo hayo nyumbani Turkana. Kwetu hakuna chumvi ya bahari wala mvua za mwaka mzima, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba maji si adui wetu. Kumbe mvua yetu ni chache, lakini hushuka kwa nguvu, na laga iliyokuwa kavu asubuhi huweza kujaa jioni. Watu wa Kakuma wanaujua mto Tarach, na watu wa Lokori wanaujua Kerio. Basi jambo la kwanza kukagua ni msingi. Angalia kama maji yamechimba udongo ulio chini ya ukuta, na kama maji ya paa huanguka karibu na kuta. Ukuta wa matofali ya udongo huliwa kwanza chini, mahali matone ya mvua yarukapo na chumvi ya ardhi ipandapo. Kiuno chake hupungua, huku juu unaonekana mnene. Ukuta wa namna hiyo waweza kuanguka siku kadha baada ya mvua kwisha, watu wakiwa wamekwisha kusahau hatari.

Angalia pia ardhi inayoizunguka nyumba. Mashimo ya vyoo vya zamani, yaliyofunikwa kwa magogo na udongo na kusahauliwa, ni mitego. Magogo huliwa na mchwa, na siku moja mtoto akikanyaga hapo hutumbukia. Mzee akumbukaye shimo lilipokuwa aombwe kulionyesha angali hai, nalo lijazwe.

Jambo la pili ni nyufa. Si kila ufa ni wa hatari. Lipu hupasuka kwa jua, na nyufa nyembamba kama uzi ni za kawaida. Ufa wa kuogopwa ni ule upandao kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, ule upitao ukuta mzima hata mwanga ukaonekana, na ule unaopanuka. Ili kujua kama unapanuka, piga alama ya kalamu katika ncha zake zote mbili, uandike tarehe, kisha upime upana wake. Rudi baada ya mwezi, na tena baada ya mvua. Milango inayoanza kukwama pasipo sababu na ukuta uliotuna tumbo ni mashahidi wa namna hiyo hiyo. Fundi anayependekeza kuziba ufa kabla ya kujua ulikotoka afananishwe na mganga afunikaye kidonda kwa nguo.

Jambo la tatu ni mti na paa. Mchwa wa nchi kavu hufanya kazi kwa siri; boriti huonekana nzima kwa rangi yake, na ndani imebaki vumbi. Igongwe kwa nyundo ndogo, na mlio wa utupu utasikika. Ichomwe kwa ncha ya kisu, hasa pale inapoingia ukutani. Mifereji ya udongo ipandayo ukutani ni njia za mchwa. Kisha zitazamwe nguzo za mabati na misumari yake, maana upepo wa Turkana huanza kwa kulitikisa bati moja lililolegea, na bati lililong'oka huruka kama panga. Vizingiti vya juu ya milango na madirisha, ngazi na kingo za baraza visiachwe.

Jambo la nne ni chuma kilichofichwa ndani ya zege. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa mchanga na maji yaliyopatikana karibu, na maji yakiwa na chumvi, chuma hushika kutu ndani. Kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani, na mabonge yakaanza kudondoka darini. Yeyote aonaye alama ya kahawia darini, au chuma kilichofunuka, asiwalaze watoto chini yake hata fundi aje.

Jambo la tano ni umeme. Nyaya za zamani zilivikwa mpira, nao mpira hukauka na kupasuka katika joto kama letu. Nyumba iliyowekewa taa mbili sasa hubeba jokofu, redio, televisheni na simu nyingi. Swichi yenye joto, harufu ya kuungua, taa zinazopepesa na waya uliofungwa kwa kitambaa, vyote hivyo ni dalili za moto. Kazi ya kuzibadili ni ya fundi wa umeme aliye na kibali, si ya kijana mwenye koleo.

Jambo la sita ni sumu zisizoonekana. Katika karne ya 20 mabati ya asibesto yalitumika sana kuezekea nyumba za serikali na shule. Likiwa zima halina madhara makubwa. Likikatwa, likitobolewa au likivunjika, hutoa nyuzi nyembamba zinazoingia mapafuni, na ugonjwa huzuka baada ya miaka mingi, hata saratani. Nchini Kenya kanuni za taka za mwaka 2006 zimeihesabu asibesto miongoni mwa taka za hatari. Basi lisivunjwe, vumbi lake lisifagiliwe likiwa kavu, na vipande vyake visitumiwe kujengea banda la mbuzi. Waitwe wenye ujuzi na kibali. Rangi za zamani nazo huenda zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto alaye maganda yake au vumbi lake. Isisuguliwe ikiwa kavu mbele ya watoto. Dari yenye kinyesi kingi cha popo isifagiliwe ovyo, kwani vumbi lake laweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Tena nge na nyoka hupenda kukaa katika nyufa zizo hizo tulizozidharau.

Mambo hayo sita hayahitaji fedha nyingi kuyaona. Yahitaji siku moja kabla ya mvua za Machi, siku nyingine baada yake, daftari, kalamu, nyundo ndogo, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye mkaguzi. Nyumba ya watu wote, kama shule, zahanati au ukumbi, isiachwe mikononi mwa "kamati" tu. Apatikane mtu wa kuulizwa. Nyumba ya urithi, ndugu wakae pamoja na kumchagua mmoja wao, na fungu la kodi litengwe kwa matengenezo kabla ya kugawana. Daftari litakalopokelewa na mkaguzi mpya litamwambia ufa ulikuwa na upana gani mwaka uliopita, na hilo ni jambo ambalo macho peke yake hayawezi kukumbuka.

Na nyumba isiyotengenezeka, yafaa kuhamwa. Jambo hilo ni gumu kwa mzee aliyeijenga kwa jasho lake na kuzaa watoto ndani yake, wala haifai vijana kumsemeza kwa dharau. Hata hivyo aambiwe kwa heshima kwamba akai ilipochakaa, mama zetu hawakuona haya kuivunja na kujenga nyingine. Waliyachukua matawi mema, wakayaacha mabovu. Kama nyumba ni ya kumbukumbu ya taifa, isibomolewe wala kugeuzwa, kwa maana Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huyalinda majengo yaliyotangazwa hivyo. Habari ipelekwe kwa Makumbusho ya Taifa, na watu wazuiwe kukaa chini ya sehemu mbovu.

Wale wawili waliokufa Zanzibar walikufa katika jumba lililokuwa limekwisha kuonya miaka 8 kabla. Katika vijiji vyetu pia kuna kuta zinazoonya hivi sasa. Kazi yetu kabla ya mvua zijazo ni kwenda kuzitazama, kuandika tulichokiona, na kuwatoa wanaolala chini yake.